Iguana mtu mzima aliyehamia kwako kutoka nyumba nyingine: wiki za mwanzo (uzi kwa walioko Ulaya na Marekani)

#1 Mzee wa Reptilia (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi huu ni kwa aliyechukua, au anayejiandaa kuchukua, iguana wa kijani aliyekwisha kukua, awe ametoka kwa mtu aliyeshindwa kumtunza au kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Huku ughaibuni hao ndio wengi. Ananunuliwa akiwa anatosha kiganjani, miaka michache baadaye ana mita moja na nusu pamoja na mkia, kilo nne au zaidi, na mwenye nyumba hana pa kumweka. Akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 15 hadi 20, kwa hiyo ukipokea wa miaka sita bado una safari ndefu naye.

Nianze na kosa linalotupata sisi watu wa Afrika Mashariki. Mjusi mkubwa tunayemjua kwetu ni kenge, na kenge anakula mayai, vifaranga na panya. Iguana si kenge. Asili yake ni Mexico kushuka hadi Brazil na Paraguay, pamoja na baadhi ya visiwa vya Karibea. Anaishi juu ya miti kando ya maji, na chakula chake ni majani. Ukimpa mayai, nyama au chakula cha paka atakula, tena kwa pupa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Protini ya nyama inamletea asidi ya uriki nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kutoa. Figo zikifa hazirudi.

Kabla hajafika, muulize mwenye naye wa zamani maswali haya na uandike majibu: anakula nini hasa kila siku, taa ya UVB (ya mionzi kama ya jua) ina miezi mingapi, alikuwa kwenye kizimba au akizurura nyumbani, anajisaidia wapi, dume au jike, kama ni jike alitaga lini, na amewahi kung'ata mtu katika mwezi gani. Swali la mwezi lina maana yake, litaelezwa mbele. Omba pia upewe gogo au shuka alilolalia, usilifue. Harufu anayoijua itamsaidia siku za kwanza.

Safari: tumia kibebeo kigumu cha mbwa, tandika taulo ndani, kisha kifunike shuka lote liwe giza. Gizani iguana hutulia. Gari liwe na joto la nyuzi 24 hadi 27 (zote humu ni za Selsiasi). Wakati wa baridi weka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo nje ya kibebeo, isigusane naye. Usimlishe asubuhi ya safari.

Akifika, ingiza kibebeo chote ndani ya kizimba kilichokwisha kupashwa moto tangu jana yake, fungua mlango, ondoka chumbani. Usimtoe kwa mkono. Atatoka baada ya dakika tano au baada ya saa nne, vyote sawa.

Siku saba za kwanza kazi yako ni tatu tu: kubadilisha maji, kuweka majani, kuondoa choo. Saa ileile kila siku, ikiwezekana nguo ya rangi ileile, mwendo wa taratibu, bila kumkodolea macho. Hakuna kumshika, hakuna kumwonyesha wageni, hakuna kumpiga picha puani. Wengi wanaharibu hapa kwa mapenzi: wanataka ajue kwamba amefika kwa watu wema. Yeye anachojua ni kwamba miti yote imebadilika na kuna kiumbe kikubwa kinamwinamia kutoka juu, jinsi mwewe anavyomjia.

Fundi, karibu kwenye vipimo vya kizimba.

#2 Fundi Vizimba

Shukrani Mzee. Kwa iguana mtu mzima, kizimba kisipungue upana mita 1.8, kina sentimita 90 na kimo mita 1.8. Dume kubwa mpe upana wa mita 2.4 ukiweza. Kimo ni cha lazima, kwa sababu iguana anayelazimishwa kukaa chini ya usawa wa macho ya mtu haachi kuogopa. Ubao wa kuotea joto uwe mita 1.4 hadi 1.5 kutoka sakafuni.

Kuta: mbao za plaiwudi zilizopakwa rangi isiyopenya maji, mapako matatu, kisha ziachwe zikauke hadi harufu iishe kabisa. Usiharakishe hapa, mvuke wa rangi ndani ya boksi lenye joto unaumiza mapafu. Epuka mbao za mwerezi kwa ajili ya utomvu na harufu yake. Mlango uwe mbele, usiwe juu.

Sehemu ya kuotea joto ndiyo inayokosewa zaidi. Watu wanafunga balbu moja kali ya wati 150. Mwili wa iguana bila mkia ni sentimita 35 hadi 50, balbu moja inachoma kipande cha mgongo huku nyonga na tumbo vikibaki baridi. Anakaa hapo saa nzima akitafuta joto na hatimaye anaungua. Funga balbu mbili au tatu za halojeni za wati 50 hadi 75, mstari mmoja juu ya ubao, zote kwenye kipunguza mwanga. Ubao wenyewe uwe wa upana wa sentimita 25 hadi 30 ili alale tumbo lote. Uso wa ubao usome nyuzi 35 hadi 38, upande wa baridi 26 hadi 28, usiku usishuke chini ya 22. Usiku tumia kauri ya joto isiyotoa mwanga ikiwa kwenye thamostati. Kila balbu iwe ndani ya kikapu cha waya, maana anaruka na kuning'inia popote.

Pima kwa kipimajoto cha kulenga, cha aina ile iliyotumika kupima watu joto kwenye paji la uso wakati wa korona. Vile vya kubandika ukutani vinapima ukuta.

UVB: tyubu ya T5 HO (nyembamba yenye nguvu) ya asilimia 12, urefu wa sentimita 110 au zaidi, ikae sentimita 30 hadi 40 juu ya mgongo wake bila waya katikati. Wavu ukiwepo unakula sehemu kubwa ya mionzi, na kioo huizuia karibu yote, kwa hiyo dirisha lenye jua si mbadala. Ukiwa na kipima UVI (ukali wa mionzi hiyo), lenga 3 hadi 5 pale mgongoni. Badilisha tyubu kila miezi 12 hata kama bado inawaka: mwanga unabaki, UVB inakwisha. Saa 12 inawaka, saa 12 giza, kwa kutumia swichi ya saa.

Unyevu asilimia 60 hadi 80. Majira ya baridi, nyumba yenye mfumo wa kupasha joto hewa yake inashuka hadi asilimia 30 na chini, kwa hiyo kunyunyiza maji mara mbili kwa siku hakutoshi. Nunua mashine ya kutoa unyevu na uache tundu la hewa chini na lingine juu upande wa pili, la sivyo utafuga ukungu ukutani.

Chini tandika magazeti au kipande cha linoleamu. Mchanga na vipande vya mbao hapana: iguana anaonja kila kitu kwa ulimi, vitu hivyo vinamwingia tumboni na kumziba. Na yale mawe ya umeme ya kupasha joto, tupa. Joto linatakiwa litoke juu kama jua. Jiwe linamuunguza tumbo naye hatambui haraka kwamba anaungua.

#3 Msafiri wa Minnesota

Wakuu, niliyempokea yumo kwenye tangi la kioo la urefu wa sentimita 180 alilokuja nalo. Siku ya nne leo. Anasugua pua kwenye kioo mchana kutwa, ncha ya pua imeanza kuwa nyekundu. Pia kuna unga mweupe puani na anapiga chafya. Ni mafua?

#4 Fundi Vizimba

Mkuu, chafya na unga mweupe ni chumvi. Iguana ana tezi puani za kutoa chumvi iliyozidi ya majani, na huipuliza kwa chafya. Ni afya. Mafua ya mapafu yana dalili nyingine: ute wa utelezi mdomoni, kupumua mdomo wazi akiwa hayupo kwenye joto, sauti ya kukoroma. Ukiona hizo ni daktari siku hiyohiyo.

Pua ndiyo tatizo lako. Haelewi kioo: anaona njia, anasukuma, haipiti. Ukiacha, kidonda kinafika mfupa na taya linaoza. Leo hii bandika karatasi zito au plastiki isiyopenya mwanga nje ya kioo pande tatu, na upande wa mbele funika sentimita 30 za chini. Ukali wa kusugua unapungua ndani ya siku chache. Jambo la pili, usiku taa za chumba zikiwaka kioo kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Dume akijiona anaona dume mwenzake amevamia mti wake, na hatalala. Kisha anza kujenga kizimba cha kimo. Tangi hilo ni la kupitisha wiki tatu, nne.

#5 Mama Kijani

Salaam kwenu. Nashika chakula.

Wiki mbili za kwanza mpe kile alichozoea, hata kama si kizuri sana, isipokuwa nyama na mayai, hivyo viache siku ya kwanza. Ukimbadilishia nyumba na sahani kwa pamoja atagoma kula na hutajua kagomea kipi. Kuanzia wiki ya tatu changanya robo mpya kwa robo tatu za zamani, ongeza taratibu mpaka wiki ya sita.

Sahani ya kulenga: karibu sehemu tisa za kumi majani mabichi, kidogo kilichobaki mboga nyingine, na tunda ni la kubembelezea tu. Majani ya msingi yanapatikana kila duka: sukuma wiki (Marekani inauzwa kwa jina la collard greens, mafungu makubwa kwa bei nafuu), majani ya haradali, majani ya tanipu, endivi, dandelioni iliyochumwa mahali pasipopuliziwa dawa wala kupita mbwa. Majani na maua ya haibiskasi wanayapenda kupita kiasi, vilevile majani ya mforosadi. Boga la rangi ya njano lililokunwa na maharage mabichi ya maganda yanafaa kuongezea. Papai, tini na embe: kijiko kimoja, mara mbili kwa wiki.

Ninachowaomba mkiangalie ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi. Unatakiwa kukaribia mbili kwa moja. Sukuma wiki inafaulu vizuri. Ndizi na mahindi vinafeli vibaya. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini asidi ya oksaliki inaifunga isipite utumboni, kwa hiyo visiwe msingi. Kabichi nayo kidogo tu, kwa ajili ya tezi ya shingo. Saladi ile nyeupe ya duara ni maji. Parachichi, kitunguu na majani ya rubabu (rhubarb): kamwe.

Kipimo kwa mnyama wa kilo nne ni vikombe viwili hadi vitatu vya majani yaliyokatwa kwa siku, vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mtu mzima nyunyizia unga wa kalsiamu karboneti usio na fosforasi mara mbili kwa wiki, na multivitamini mara moja.

Saa ya kulisha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Iguana hayeyushi majani kwa tumbo la mbele, bali utumbo mpana wake una bakteria wanaoyachachusha, na bakteria hao wanafanya kazi kwenye joto. Taa ziwake saa moja asubuhi, chakula kiwekwe saa mbili au tatu akiwa ameshapata moto, na abaki na saa sita au zaidi za joto baada ya kula. Aliyekula saa moja jioni halafu akalala kwenye ubaridi, chakula kinakaa tumboni bila kazi, anavimba gesi, kesho hali. Watu wanasema "anachagua chakula" kumbe ni ratiba ya taa.

#6 Dada wa Columbus

Mama Kijani asante. Wangu ana siku sita hajala kitu. Jike, mwenye wa kwanza alisema ana miaka saba. Rangi imekuwa ya kijani kilichofifia kuelekea kahawia. Nimlazimishe kwa sirinji?

#7 Mzee wa Reptilia

Dada, usimlazimishe. Kwa mtu mzima aliyehamia, siku tatu hadi saba bila kula ni kawaida, na hata wiki mbili zinavumilika kama anakunywa na hapungui. Neno "hapungui" linahitaji mzani, macho hayatoshi. Pima kibebeo kitupu, kisha pima akiwa ndani, toa. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla hajala. Wiki ya kwanza unaweza kuipitisha kama kumwingiza kibebeoni ni vita. Akipungua asilimia kumi ya uzito aliofika nao, hiyo ni safari ya daktari hata kama anaonekana mchangamfu.

Rangi ya kahawia inasema mambo mawili: baridi au mfadhaiko. Anza na baridi, ndiyo rahisi. Lenga kipimajoto kwenye ubao anapokaa na kisha kwenye mgongo wake. Mgongo ukisoma nyuzi 27 saa sita mchana, taa zako hazimfikii. Joto likiwa sawa, angalia anachokiona kutoka alipo: mbwa akipita, luninga, dirisha lenye ndege wakubwa. Funika.

Halafu weka majani mahali pawili, sahani moja chini na fungu moja limefungwa kwa uzi kwenye tawi karibu na anapolala. Wengine hawashuki chini kabisa siku za mwanzo kwa sababu chini ndiko anakokamatwa mjusi.

Choo kitakupa habari zaidi ya sahani. Kizuri kina sehemu tatu: kinyesi chenyewe, cha kijani kilichoiva au kahawia na kina umbo, maji maji angavu, na urati, ule uchafu mweupe kama ute wa chokaa. Urati ukiwa mgumu kama chaki au wa manjano, mwili umekauka maji.

Na kwa kuwa ni jike wa miaka saba, muulize yule mwenye naye kuhusu mayai. Shangazi ataeleza.

#8 Shangazi wa Leeds

Nitafika kwenye mayai. Kwanza mkono, maana naona watu wanauliza faraghani.

Wiki ya pili, baada ya kumwacha, ingia chumbani ukae kwenye kiti mita mbili kutoka kizimbani. Nusu saa, mara mbili kwa siku. Soma, ongea na simu kwa sauti ya kawaida. Usimgeukie. Wiki ya tatu sogeza kiti. Wiki ya nne fungua mlango ukiwa umeketi. Mtu mzima aliyepitia mikono mibaya anaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka kukubali kuguswa, na wapo wasiokubali kamwe lakini wanaishi vizuri.

Soma mwili wake. Kichwa kikitikisika juu chini polepole ni salamu ya "nipo hapa". Kikitikisika kwa kasi, hasa kwa upande, ni onyo. Ngozi ya chini ya kidevu ikishushwa yote, mwili ukibanwa ubavu kwa ubavu na kugeuzwa uonekane mrefu, anajikuza mbele yako. Mkia ukianza kupinda na kutetemeka ncha, umebakiza sekunde moja kupigwa. Jicho la upande wako likifungwa, wengi hufurahi wakisema amestarehe. Mara nyingi maana yake ni "sitaki kukuona", na kumgusa hapo ni kumvamia.

Mguso wa kwanza uwe wa ubavuni mwa bega, mkono ukitokea chini na pembeni. Kamwe usitokee juu. Kwenye utosi ana jicho la tatu, kipande kidogo cha gamba la rangi tofauti, haliumbi picha lakini linatambua mwanga na kivuli. Kivuli kikipita juu yake, mwili unasoma mwewe kabla kichwa hakijafikiri.

Jambo linalojenga au kubomoa ni wakati wa kuondoa mkono. Ukiweka mkono, akapiga mkia, ukatoa, umemfundisha kwamba mkia unafanya kazi. Kesho atapiga mapema zaidi. Basi simamisha mkono mapema, pale anapoanza kukukazia jicho, subiri alegee hata sekunde mbili, kisha uondoke. Umbali wa leo ukiwa nusu mita, ni sawa. Hiyo ndiyo kazi yote, na inafanywa dakika tano kwa siku, si saa nzima Jumamosi.

Ukilazimika kumbeba, vaa koti zito la mikono mirefu. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga, miguu yote minne iwe na pa kushika, mkia uubane kwapani. Usimvute kutoka kwenye tawi: kucha zitang'oka. Mnyanyue kidole kimoja kimoja. Usimshike mkia hata siku moja, unaweza kukatika hata kwa mtu mzima, na unaoota tena huwa mfupi, mweusi, hauna michirizi.

Aking'ata na kushikilia, usivute. Meno yake ni kama msumeno mwembamba, ukivuta unajipasua mwenyewe. Mfunike kichwa kwa taulo, subiri, ataachia. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika tano, na jeraha la kina lionwe na daktari.

#9 Kobe Mpole

Naona wengi wanashauri aogeshwe kila siku tangu siku ya kwanza ili apate maji. Mbona hamjasema?

#10 Shangazi wa Leeds

Kwa sababu sikubaliani nalo kwa mgeni. Kumnyanyua kwa nguvu na kumtia beseni siku ya pili kunamgharimu zaidi ya maji anayopata. Unyevu wa kizimba ukiwa sawa na majani yakiwekwa yakiwa na matone, anapata maji ya kutosha. Weka beseni pana la maji chini ya kizimba aingie mwenyewe.

#11 Mzee wa Reptilia

Hapa natofautiana kidogo na Shangazi. Akifika macho yamezama, ngozi ya ubavuni ukiivuta inabaki imesimama, urati wa manjano mgumu, muogeshe: maji ya nyuzi 29 hadi 32, kina cha mabegani, dakika 15 hadi 20, ukiwa naye chumbani. Hiyo ni tiba, si desturi. Mwenye afya aachwe kama Shangazi alivyosema. Na mjiandae, wengi hujisaidia majini, hivyo beseni hilo lisiwe la mtoto wala la vyombo.

#12 Mama Kijani

Nilitaka kuingia hapohapo. Mchukulie kila iguana kuwa amebeba bakteria wa Salmonella, wanaoharisha watu, hata akiwa mzima kabisa. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike wala kusafisha kizimba chake. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Mikono kwa sabuni kila mara. Wenye watoto wadogo ndani, fikirini hili kabla ya kumchukua, si baada.

#13 Mzee wa Reptilia

Daktari: ndani ya wiki mbili peleka choo kibichi, kikiwa kwenye friji na kisichozidi saa 24. Usishtuke ukiambiwa kuna minyoo midogo ya oksiuridi. Kiasi kidogo ni cha kawaida kwa mla majani huyu, na daktari asiyejua reptilia anaweza kutoa dawa isiyohitajika. Tafuta anayewajua. Kwa walio Marekani, chama cha ARAV kina orodha ya madaktari wa reptilia.

Kufikia mwezi wa pili, mtu mzima apimwe damu. Kinachotafutwa ni kalsiamu na fosforasi. Fosforasi ikipanda juu ya kalsiamu, figo zinalemewa. Mpime mapema, kwa sababu iguana mwenye figo mbovu anaonekana wa kawaida hadi mwishoni: anakunywa sana, anapungua, anapata shida kujisaidia kwa kuwa figo zilizovimba zinabana njia ndani ya nyonga. Picha ya eksirei itaonyesha pia mifupa. Taya lililovimba au laini, mapaja magumu yaliyonenepa huku mwili umekonda, vidole vinavyotetemeka: huo ni upungufu wa kalsiamu wa muda mrefu, na mnyama wa namna hiyo asipandishwe juu ya mita moja hadi atibiwe, akianguka anavunjika.

Kagua utitiri: karatasi nyeupe chini yake usiku, asubuhi tafuta nukta nyeusi au nyekundu zinazotembea. Maficho yao ni kwapani, pembeni ya macho na kwenye mikunjo ya shingo.

#14 Shangazi wa Leeds

Sasa msimu. Dume kila mwaka hupitia miezi miwili mitatu ya kujamiiana. Miguu na mabega yanageuka rangi ya chungwa, vitundu vya chini ya mapaja vinatoa nta, anatikisa kichwa kutwa, na mpole wa jana anakufuata kukung'ata. Huku kaskazini mara nyingi huangukia kati ya vuli na mwisho wa majira ya baridi, lakini taa za ndani huwavuruga kalenda. Ndiyo maana Mzee alisema muulize aliyekuwa naye alimng'ata mtu mwezi gani. Wengi wanaotolewa "kwa ukali" walitolewa katika miezi hiyo. Ukimpokea wakati huo, ongeza miezi mitatu kwenye matarajio yako, ondoa vioo vya kujitazamia, na usimsogezee uso.

Jike hutaga hata bila dume, mayai 20 hadi 70. Dada wa Columbus, soma hapa. Jike mwenye mimba ya mayai huacha kula wiki tatu, nne, tumbo likijaa vimbe ndogo unazoziona ubavuni, huku akiwa macho na akichimba kila kona. Mpe boksi la kutagia: pipa la plastiki la lita 100 au zaidi lenye mfuniko, tundu la kuingilia sentimita 20, ndani udongo uliochanganywa na mchanga, unyevu wa kushikamana ukifinya, kina sentimita 40, joto nyuzi 28 hadi 30. Asipopata pa kuchimba anayazuia, na mayai yaliyokwama yanaua. Akilegea, akiacha kufungua macho, akisukuma bila yai kutoka, au akatoa machache na kunyamaza, ni dharura.

#15 Msafiri wa Minnesota

Je, sheria? Nina mpango wa kuhamia Florida mwakani.

#16 Fundi Vizimba

Usihame naye bila kuuliza. Florida iliwaweka iguana wa kijani kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku tangu Aprili 2021 kwa sababu wameenea porini na kuharibu kingo za mifereji na bustani. Hawaii nako hairuhusiwi. Sheria hubadilika jimbo kwa jimbo na hata mji kwa mji. Na kwa anayewaza kurudi naye Afrika Mashariki: iguana wa kijani yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, havuki mpaka bila kibali, mbali na kibali cha nchi unayoingia. Kumwachia porini kokote ni kosa na ni ukatili. Huko kwenye baridi ya chini ya nyuzi kumi anaganda mtini na kuanguka.

#17 Dada wa Columbus

Marejesho. Ubao ulikuwa unasoma 29, sasa nimeongeza balbu ya pili, unasoma 36. Mwenye wa kwanza amejibu: alitaga Februari mwaka jana. Uzito wa wiki hii kilo 3.1, alifika na kilo 3.2. Jana amekula majani mawili ya haibiskasi, leo asubuhi anakwaruza kona ya nyuma bila kupumzika.

#18 Shangazi wa Leeds

Mwanangu, boksi liingie leo, usingoje kesho. Liweke kwenye kona hiyohiyo anayokwaruza, mfuniko uwe juu, tundu likitazama ukuta, na ufunike kizimba upande huo. Usifungue kuchungulia. Kalsiamu kila siku badala ya mara mbili kwa wiki mpaka amalize, na maji karibu na mdomo wa boksi. Akimaliza utamwona ametoka tumbo limebonyea na udongo umesindiliwa tundu lote. Ndipo umpime tena, akishuka robo ya uzito usishtuke, na sahani ya haibiskasi na boga iwe tayari.

Piga simu kwa daktari leo umjulishe, ili ikifika siku ya tatu akisukuma na hakuna yai, usianze kutafuta namba.